Zamu ya Kuchunga Mawingu

Ndege ya kwanza kuonekana mtaa wa Maisaka iliundwa kwa benchi la jikoni, viti viwili vya plastiki na mlango wa banda la kuku. Rubani wake alikuwa Mzee Konstantini Margwe, mtu ambaye tangu azaliwe hakuwahi kupanda kitu chenye mabawa. Aliipanga uani kwake, pua ikitazama mlima Kwaraa, na mlango wa banda akausimamisha ubavuni, umeshikwa na kamba. Mlango ndio uliokuwa kazi yenyewe. Mengine yote yalikuwa mapambo.

"Abiria waingie kwa mstari," akatangaza. "Hakuna kusukumana. Hapa siyo kwenye mbolea ya ruzuku."

Wajukuu zake watatu wakajipanga. Elieza, wa miaka minane, akaingia kama mtu aliyezoea, akakaa, akajifunga kanga kiunoni iwe mkanda. Vailet, wa miaka sita, aliingia akiwa ameshajipa cheo cha mhudumu, akauliza nani anataka soda. Akabaki Salvatory, ambaye miaka minne alikuwa hajaifikisha. Alisimama nje ya mlango, kidole mdomoni.

"Njoo baba, njoo ukae na babu."

Mtoto akaingia, akakaa. Konstantini akauvuta mlango taratibu kwa ncha za vidole, kama mtu anayefunika maziwa yasimwagike. Haukufika hata nusu. Salvatory aliachia kilio kilichowatoa kuku chini ya kihenge, mlango ukafunguliwa haraka, na safari ya Mwanza ikaahirishwa tena.

"Baba Edda," jirani yake Skolastika akaita kutoka ng'ambo ya ua, "ndege imeharibika?"

"Ndege ni nzima, Mama Coletha. Kiwanja ndicho hakipo. Wangetujengea uwanja hapa Babati badala ya kutujengea ahadi, mtoto angekuwa ameshazoea kuziona zikipita."

"Hata wangejenga ungelalamikia kelele."

"Ningelalamika, ndiyo. Lakini ningelalamika nikiwa juu."

Kilio cha Salvatory kilikuwa na chanzo chake, na mtaa mzima ulikijua. Mwaka uliopita bibi yao, Ursula, alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuwepo. Limeoshwa, linang'aa, limeegeshwa kivulini. Yasiyokuwepo yalikuwa mafuta. Ursula akapakiwa kwenye pikapu ya kubebea mahindi, mlango wa nyuma ukabamizwa, na mtoto amesimama pale pale anatazama. Bibi hakurudi kwa miguu yake. Tangu siku ile mlango wowote wa gari ukifungwa, Salvatory hulia mpaka anaishiwa pumzi. Na tangu siku ile Konstantini hakuwa na neno jema kwa mtu yeyote mwenye ofisi, muhuri au kiti cha kuzunguka.

Sasa Edda, binti yake, mama wa watoto hao, alikuwa amepiga simu kutoka Mwanza, anakofanya kazi kwenye kiwanda cha samaki.

"Baba, likizo hii niletee watoto. Basi siku nzima na kilio kile, utafika umechanganyikiwa. Nimekata ndege."

Konstantini aliketi. "Ndege ya kuruka?"

"Kuna nyingine, Baba? Sasa sikiliza. Ya kwenda nimekata ya wote. Ya kurudi nimekata yako tu."

"Na watoto?"

"Nitaangalia watakavyofika." Edda akaendelea kama mtu anayetua mzigo. "Mama alikuwa anawachekesha. Wewe naambiwa ni kununa na kulaumu kutwa, mpaka majirani wanakukwepa. Wakifika wamejikunja kwa kilio, basi, watabaki huku. Nitatafuta dada wa kazi wa kushinda nao."

Simu ilipokatika Konstantini alibaki ameishika. Aliijaribu kichwani ile nyumba isiyo na wale watatu, akaiona ilivyo: redio, paka na yeye. Akaiondoa upesi, akaenda kung'oa mlango wa banda la kuku.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo hakumwambia mtu. Pamoja na hofu yote ile, alikuwa na hamu ya kupanda ndege kiasi cha kujionea haya. Alikuwa akiamka, anakumbuka, na kuanza kunyoa ndevu kama kijana anayekwenda kuposa.

Mshauri wake wa safari alikuwa Alhaji Hatibu, Mrangi mwenye duka la vipuri vya baiskeli, mtu pekee mtaani aliyewahi kuruka, wakati alipokwenda Makka.

"Kwanza masikio yataziba," Hatibu alisema. "Watoto wawe na cha kutafuna."

"Karanga?"

"Karanga sawa. Pili, choo chake ni kidogo kama kabati, na kikivuta maji kinanguruma. Waambie mapema. Tatu, ukiletewa kinywaji usiulize bei, utatuaibisha Babati nzima."

"Na huko juu kuna nini cha kuwaonyesha?"

"Mawingu, Konstantini. Lakini siyo haya tunayoyaona sisi kwa tumbo. Kule unayaona kwa mgongo. Meupe, yamelala, yamejaa mpaka macho yanaishia, kama mifugo ya tajiri."

"Tajiri gani wa Kirangi mwenye ng'ombe wengi hivyo?"

"Ni wa Mungu. Wangekuwa wa Mmbulu kama wewe wangeshakonda."

Konstantini alikuwa ameshasimama. Wazo lilikuwa limemwingia, na alikwenda nalo nyumbani karibu akikimbia.

Pale pembezoni mwa Maisaka nyumba kadhaa huchanganya ng'ombe wao wachache kuwa kundi moja na kulichunga kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Jioni, nyumba iliyomaliza huipelekea nyumba inayofuata fimbo ya zamu, na anayeipeleka husema maneno yale yale: "Ng'ombe wote wamerudi. Zamu ni yenu." Asipotokea mtu wa kuipokea, zamu haijaisha, hata jua lizame. Na ng'ombe akiingia kwenye mahindi ya mtu, anayeulizwa ni mwenye fimbo, awe mtoto, awe mchungaji wa kanisa. Salvatory alikuwa anaabudu zamu. Siku ya zamu yao alifuatana na babu yake mpaka malishoni upande wa ziwa, akiwa ameshika ncha ya fimbo, na hakujali miiba wala jua, kwa sababu babu alishamwambia: mwenye fimbo halii. Akilia, ng'ombe wanajua hapa hapana mtu, wanatawanyika.

Konstantini akachonga fimbo fupi ya mti wa mloliondo, akaipaka samli mpaka ikang'aa, akampelekea Skolastika kwa siri na kumweleza la kufanya. Jioni yake Mama Coletha alikuja amevaa kanga safi, uso umekaza kama shahidi mahakamani. Akampita Konstantini, akainama mbele ya Salvatory na kumpa fimbo kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wote wamerudi. Zamu ni yenu."

Mtoto aliipokea, akavimba kifua mpaka kifungo cha shati kikawa hatarini.

Asubuhi ndege ikapangwa tena. Salvatory akaingia na fimbo, akakaa. Konstantini akaufunga mlango wa banda la kuku, nusu, robo tatu, wote, na kufunga kamba juu yake. Kimya. Kuku wenyewe walionekana kushangaa.

"Babu," Salvatory akauliza, "ng'ombe wako wapi?"

"Juu. Tukisharuka utawaona. Weupe watupu."

Siku ya safari walipanda gari la Noah la kwenda Arusha kabla jua halijachomoza. Mlango ulipobamizwa Konstantini alifumba macho, na alipoyafumbua Salvatory alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, fimbo magotini, anachunga. Alichunga ng'ombe wa Magugu, punda wa Minjingu, na kule Makuyuni wakapita kundi la ng'ombe la Wamasai, kubwa kiasi kwamba alisimama kwenye kiti na kuwaambia abiria wote wanyamaze. Dereva akapunguza redio. Konstantini alikuwa anatafuna karanga za watoto kwa furaha. Akawaza kwamba kwa mwendo huu angemkabidhi Edda watoto wanaocheka, na Edda angeikosa sababu.

Wazo hilo lilidumu mpaka kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege.

"Babu, hii fimbo haipandi," alisema mwanamke mwenye sare.

"Haipandi yenyewe. Napanda nayo mimi."

"Ni ya kutembelea?"

Konstantini aliona kwamba swali lile lilikuwa na upenyo. Akaweka mkono kiunoni, akajipinda kidogo. "Ya kutembelea, mwanangu. Miguu hii ya uzee."

Mwanamke aliitazama fimbo, ambayo ilimfikia mzee chini ya goti. "Unatembea umechuchumaa?"

"Si ya kuchapia ng'ombe hiyo, Babu?" Vailet akasema, kwa moyo mweupe wa kusaidia.

Hapo shauri likawa limekwisha. Mwanamke hakuwa mkali. Alieleza kwamba ingeweza kwenda na mizigo ya chini, ila mizigo ilikuwa imeshaondoka, na kwamba ni sheria, siyo yeye.

"Kila siku siyo nyinyi," Konstantini alisema. "Mwenye sheria yake hatujawahi kumwona hata kwenye msiba."

Lakini fimbo iliwekwa pembeni, kwenye boksi, pamoja na visu vya watu na mikasi. Salvatory aliitazama ikiingia mle. Hakulia bado. Aliuliza tu, "Nani ataipokea?" na babu yake akamshika mkono na kumtoa nje.

Ndege ilikuwa imesimama pale, nyeupe, kubwa kuliko kanisa la parokia, na Elieza alipoiona alisahau kwamba yeye ndiye mkubwa, akaanza kurukaruka. Vailet alihesabu madirisha kwa sauti, akakosea, akaanza upya. Upepo ulikuwa unapepea koti la Konstantini, la harusi yake na Ursula, na kwa kitambo kidogo alisahau fimbo, akasahau wakubwa, akapanda ngazi ile kama anayepanda mbinguni na jina lake limesomwa. Ndani, Elieza na Vailet walikaa upande mmoja. Yeye na Salvatory wakakaa upande wa pili, mtoto dirishani.

Kiti cha mbele yao alikaa mwanamume mnene mwenye suti na gazeti. Aligeuka kutafuta mkanda wake, na Konstantini akamtambua. Alikuwa Sylvesta, mkubwa mmoja wa serikali, mzaliwa wa Dareda, kule kule kwao Babati, ambaye mwaka ule kabla ya Ursula kuugua alisimama kwenye mkutano wa hadhara na kusema kwamba gari la wagonjwa halitakosa mafuta yeye akiwa hai. Yu hai, tena amenenepa. Konstantini alikuwa ameapa kutomsalimia mtu huyo mpaka kaburini.

"Shikamoo, mzee," Sylvesta alisema.

"Marahaba," Konstantini alijibu, kwa sababu shikamoo haikataliwi. Akageukia dirishani.

Ndipo mhudumu akaenda mbele na kuufunga mlango.

Haukuwa mlango wa banda la kuku. Ulifungwa kwa mshindo mzito ulioshuka mpaka kwenye nyayo, na Salvatory akaubeba wote mwilini. Akakauka. Mdomo ukaanza kufunguka polepole, pembe zake zinashuka, na Konstantini akajua kilio kinachokuja kilikuwa kile cha pikapu. Akatazama mikono yake. Karanga. Akatazama kulia, kushoto. Mkanda, kiti, mfuko wa karatasi. Kwenye mkono wa Sylvesta, juu ya kiti cha mbele, gazeti lilikuwa limekunjwa, refu, limekaza kama rungu.

Kiapo ni kitu kizito. Lakini ile nyumba yenye redio, paka na yeye ilimjia tena machoni.

"Bwana Sylvesta," alisema. "Naomba gazeti lako."

"Chukua mzee. Ya michezo iko nyuma."

"Sisomi. Nataka fimbo." Alimpa Salvatory lile gazeti. "Haya baba, zamu yako."

Mtoto aliliangalia kwa macho yaliyojaa maji. Mkono hakuutoa. "Mwenyewe hakusema maneno," alinong'ona.

Konstantini alifumba macho. Kwa mafunzo yake mwenyewe alikuwa amefungwa. Alilirudisha gazeti mbele.

"Samahani tena. Itabidi umkabidhi wewe. Kwenu Dareda si mlikuwa na zamu?"

Sylvesta alimtazama mzee, akamtazama mtoto. Kitu kikalegea katika uso wake, akaonekana mtu aliyewahi kuwa na magoti yenye vumbi. Akapiga goti juu ya kiti chake, suti na yote, akageuka nyuma, akashika gazeti kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wote wamerudi," alisema, bila kukosea hata neno. "Zamu ni yenu."

Salvatory akapokea. Akapiga kwikwi moja, akafuta pua kwa mgongo wa mkono, akaliweka gazeti magotini. Konstantini alikuwa anawaza kwamba kumbe mtu huyu anaweza kukabidhi kitu. Akataka kulisema, lakini mhudumu alikuja kumwambia mheshimiwa akae, ndege inaondoka.

Iliondoka. Ilikimbia kwanza kama gari lililokatika breki, viti vikatetemeka, Elieza akasema "tayari, tayari, tayari," na Konstantini akashika kiti cha mbele kwa mikono yote huku moyo wake unapiga shangwe na toba kwa pamoja. Kisha mtetemeko ukaisha. Ardhi ikaachia. Nyumba zikawa vibiriti, barabara ikawa uzi, na mzee wa Maisaka akajisikia anatabasamu mwenyewe kama aliyeng'olewa jino bovu.

"Tafuneni," akaamuru. "Masikio."

Wakatafuna wote wanne, kwa bidii, kama mbuzi. Ndege ikapasua ukungu, ikatoka upande wa pili, na jua likawapiga. Na pale chini walikuwa wamelala. Hatibu hakusema uongo. Wako maelfu, weupe, migongo ya mviringo, wengine wamelaliana, wengine wamejitenga, mpaka mwisho wa macho.

Salvatory alivuta pumzi, hakuitoa. "Babu," alisema, "wote hawa?"

"Wote. Na wewe peke yako ndiye mwenye fimbo."

Kazi ikaanza. Bawa la ndege likatangazwa kuwa shamba la mahindi la Mama Coletha, na wingu lolote likilisogelea Salvatory aligonga kioo kwa gazeti. Vailet aliona wivu, akavuka njia kuja kusema kwamba upande wao kuna dume jeusi limekaa peke yake na hakuna anayelijali. Salvatory akamteua msaidizi. Elieza, ambaye alijiona mkubwa mno kwa mambo hayo, alivumilia mpaka alipoona ndama watatu wanabaki nyuma, akashindwa. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akaingiza kichwa katikati. "Yule wa mwisho ana mimba," alisema, na mabishano yakawaka. Mhudumu alileta maji ya matunda, Salvatory akakataa kwa mkono: hawajanywa ng'ombe, atakunywaje yeye.

Katikati ya hayo Sylvesta aligeuka. "Mzee, nilisikia habari za mama. Pole sana."

"Pole haijazi tangi," Konstantini alisema.

Sylvesta alirekebisha tai. Alikuwa mtu wa kujibu mikutano, lakini pale hakukuwa na kipaza sauti.

"Msigombane," Salvatory alisema bila kugeuka. "Mnawashtua."

Wazee wawili wakakaa sawa kama watoto waliokaripiwa.

Kushuka kukaanza. Ndege iliinamisha pua, ikaingia katikati ya kundi, na nje kukawa maziwa matupu. Ikarukaruka kama trekta kwenye mahandaki. Watu wakashika viti, mama wa kiti cha nyuma akaanza Baba Yetu, na huko nyuma kabisa mtoto mwingine akapasuka kilio. Konstantini alikaza macho, anasubiri kilio cha mjukuu wake.

Salvatory alisimama kwenye kiti kadiri mkanda ulivyomruhusu, akaelekeza gazeti nyuma.

"Wewe," alisema kwa sauti ya babu yake kabisa, ile ya kukaripia serikali. "Nyamaza. Watatawanyika, halafu utaulizwa wewe."

Mtoto wa nyuma akanyamaza kwa mshangao. Na Konstantini akacheka. Kilianza kama kikohozi, akajaribu kukizuia, kikamshinda, kikamtoka chote, mabega yanaruka, machozi yanashuka kwenye mashavu, na ndege nayo inaruka. Vailet alimshika mkono kwa wasiwasi. Hakuwa amemwona hivyo tangu bibi afariki. Mzee mwenyewe kilimshtua, lakini hakukizima.

Ghafla chini kukatokea maji, mengi, hayana ukingo.

"Wamefika ziwani," Salvatory alisema. "Wananywa."

Ndege ikagusa ardhi, ikakimbia, ikasimama. Watu wakapiga makofi kidogo, wakainuka kugombea mabegi. Konstantini akafungua mikanda, akamsimamisha Vailet, akamsimamisha Elieza, akageuka kumchukua wa tatu.

"Sishuki," Salvatory alisema.

"Tumefika, baba. Mlango umefunguliwa, ona."

"Zamu haijaisha. Hajaja mtu kupokea."

Abiria wakapita, ndege ikaanza kubaki tupu. Konstantini alijaribu. "Nikabidhi mimi."

"Wewe ni nyumba yetu."

Ilikuwa kweli. Mhudumu akaja, akaelezwa, akanyoosha mikono kwa upole. "Nipe mimi, mtoto mzuri."

"Wewe una ng'ombe?"

"Sina."

"Basi."

Sylvesta alikuwa bado kwenye njia, begi mkononi, anacheka kimya kimya mpaka tumbo linatikisika. "Mzee, huyu siku moja atatuongoza."

"Mungu amwepushe," Konstantini alisema, ila siyo kwa ukali. Akachuchumaa mbele ya mjukuu. "Sikia. Nyumba inayofuata ni ya mama yako. Yuko pale nje, anasubiri zamu. Huwezi kumpelekea?"

Salvatory alifikiri. Akatazama dirishani mara ya mwisho, kuhakikisha. Kisha akaweka gazeti begani, akateremka ngazi mbele ya wote.

Edda alikuwa amesimama kwenye mlango wa wanaowasili, leso mkono mmoja, pipi mkono mwingine, amejiandaa kwa kilio kama mtu anayeisubiri mvua. Alichokiona ni mwanawe wa mwisho anakuja peke yake katikati ya watu wazima, mwendo wa polepole, kifua mbele, wengine nyuma yake. Mtoto alisimama, akanyoosha gazeti kwa mikono miwili.

"Ng'ombe wote wamerudi. Zamu ni yenu."

Mwanamke aliyezaliwa Maisaka hafundishwi. Pipi zikaanguka, mikono miwili ikapokea kabla yeye mwenyewe hajajua anafanya nini. "Tumepokea," alisema. Akapiga magoti, akamkumbatia. "Hukulia?"

"Nilikuwa kazini."

"Aliyelia ni mtoto wa nyuma," Vailet alitoa taarifa. "Salvatory akamkaripia. Na Babu alicheka mpaka akatoa machozi."

Edda aliinua uso. "Baba alicheka?"

"Watu wote walimwangalia," Elieza alisema.

"Kidogo tu," Konstantini alisema. "Hakuna tangazo lililokataza."

Edda akainama. Aliokota pipi, akagawa, akabeba begi, akatangulia. Watoto wakamzunguka wakimsimulia wote kwa pamoja, dume jeusi, ndama watatu, choo kinachonguruma. Konstantini alifuata nyuma na koti lake la harusi, hajui la kuwaza. Alikuwa amefanya alichoweza. Lililobaki lilikuwa la mwingine kuamua, na maisha yake yote hakuwahi kuona jema likitoka kwa waamuzi.

Nje, juani, Edda alisimama na kutoa simu.

"Baba, shule ya huko nyumbani inafunguliwa lini?"

Alimtazama binti yake, kuona kama amesikia vizuri. Edda alikuwa ameinamia simu, kidole kinatafuta.

"Januari," Konstantini alisema polepole. "Tarehe yenyewe wanaijua wakubwa, na wakubwa huwa hawaambizani."

"Basi nitakata tiketi zao mapema kidogo, viti visije vikaisha. Yako niibadilishe muwe pamoja, wanne." Bado hakuinua uso. "Na mimi Pasaka nitakuja huko. Nyumba yangu hapa, mtu anatoka zamu ya usiku analala mchana. Wangekaa na nani."

Konstantini akachukua begi kutoka mkononi mwa binti yake.

"Mimi nakaa dirishani," Vailet aliwahi.

"Nilisema mimi kwanza," Elieza alisema. "Nilisema tukiwa juu."

"Dirishani nakaa mimi," alisema Konstantini Margwe, na koti akalivuta likae vizuri. "Safari hii niliwaachia. Hata sikuona sawasawa."